Barabara ya Kibombo Imefupika

Kuna watu wanakwambia Kindu wanaijua, na hawajawahi kukaa kwenye traverse ya Mama Gisèle. Waache waseme. Traverse yenyewe ni ule mti mzito wa kulalia reli. Uling'olewa njiani miaka ya vita, treni ilipolala, ukawekwa juu ya matofali kwenye kona moja ya mtaa wa Kasuku, na makalio ya watu yameusugua mpaka umekuwa laini kama sahani. Mbele yake kuna mbabula ya makaa, birika jeusi na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kila asubuhi wenye kikao wanakunywa kahawa na kuieleza dunia. Hakuna jambo lililowahi kupita pale bila kupewa sababu, na mara nyingi linapewa sababu tatu. Lakini asubuhi ile Onema alipofika na habari yake, watu walisahau vikombe mikononi.

Onema ni dereva. Wenzake wanamwita Kompteri, kwa sababu namba ikishaingia kichwani mwake haitoki tena, kama kompteri ya motokari, zile namba za kilometa zinazojihesabu mbele ya usukani. Alisimamisha jipu lake la zamani pembeni, akazima moteri, akashuka polepole. Hakusalimia. Alikaa kwenye traverse, akaweka mikono magotini.

— Barabara ya Kibombo imefupika, alisema.

— Ati nini?

Aliyeuliza ni Djuma, wanamwita Djuma Reli. Huyu mzee alifanya kazi ya reli ujana wake wote, na mpaka leo anaamini kila shida ya dunia hii ilianza siku watu walipoacha kutembea juu ya chuma wakapenda kutembea juu ya mpira.

— Imefupika, papa Djuma. Juzi nilienda kufyeka kaburi ya mama. Nikaanza hesabu pale barrière ya reli, ule mti wa kufungia njia, mwisho wa muji, kama siku zote. Nikafika kwa mama. Kutazama kompteri, iko inasema thelathini na saba.

— Thelathini na saba? Mama Gisèle aliacha kupuliza makaa. Si mama yako iko kwa arobaini na mbili?

— Ndiyo ile nasema! Arobaini na mbili, miaka yote. Sasa kilometa tano zimeenda wapi?

Hapo kila mtu alimgeukia Onema, maana hii namba ya arobaini na mbili pale kwenye kikao haikuwa mchezo. Wote waliijua. Wakati wa vita, watu walipoukimbia mji, Onema alikuwa kijana wa kupakia mizigo kwenye motokari ya Mzee Ilunga, Mungu amrehemu. Walimpakia mama yake, Mama Anne, akiwa na homa kali, wakashika njia ya Kibombo pamoja na watu wengine waliobanana nyuma. Mvua ilikuwa inapiga, jioni imeingia, na huko walikotoka milio ilikuwa bado inasikika. Mama Anne alikata roho ndani ya msitu. Hawakuweza kurudi naye, hawakuweza kwenda naye. Walimchimbia kando ya barabara, wakaokota mawe kwenye kijito kilichokuwa karibu, wakamfunika. Halafu Mzee Ilunga aliingia ndani ya gari, akasoma kompteri, akatoka, akamshika Onema bega.

— Arobaini na mbili kutoka barrière, alimwambia. Kamata hiyo kichwani, mwanangu. Huu msitu utafunga kila kitu, lakini namba haioti majani.

Basi Onema akaikamata. Na baadaye, amani iliporudi na simu zikaanza kufanya kazi, alimpa dada yake mkubwa Béatrice namba hiyohiyo. Béatrice alikuwa amekwama Lubumbashi wakati wote wa vita, mama yake alizikwa yeye hayuko, na habari aliipata kwa mdomo wa msafiri. Hakuna alichoshika mkononi. Arobaini na mbili ndiyo kaburi pekee alilokuwa nalo. Akisali aliitaja. Alimfundisha mtoto wake kuitaja.

Na sasa Béatrice amefika. Amekuja na treni, ile ya kupita mara mojamoja, safari ya kuchosha mifupa, na kesho Onema atampeleka. Simenti imeshapakiwa, mchanga umeshapakiwa, msalaba umeshachomelewa. Dada atakaa mbele, karibu na kompteri, macho kwenye namba.

— Itafika thelathini na saba nisimame, alisema Onema. Ataniuliza: ndugu yangu, juu ya nini unasimama hapa? Nitamuambia nini? Kwamba barabara imekula kilometa? Ataona nilimudanganya maisha yote. Ao ataona mama haiko pale.

— Ngoja kwanza, alisema Djuma Reli. Usiharakishe. Hii kitu iko na sababu, na sababu ni reli.

— Imeanza! alisema Alain.

Huyu Alain ni mtu wa pikipiki ya taksi, jina lake la kikao ni Haraka. Anaendesha kana kwamba nyumba yake inaungua, na anazungumza vilevile.

— Usiniguse maneno, wewe Haraka. Sikiliza. Barabara ya Kibombo na reli vinaenda pamoja, vinashikana. Reli ilipokuwa na nguvu, ilikuwa inaivuta barabara, barabara inakaa wima. Reli ikalala. Sasa nani anaivuta? Barabara imelegea, imejikunja kama mushipi. Kilometa ziko palepale, ni kwamba zimekunjamana.

— Papa Djuma, hakuna kitu kama hicho, alisema Haraka. Mimi nitawaambia, na musitoroke. Ni dunia inapungua.

— Wee!

— Inapungua! Huko Pangi wanachimba asubuhi, wanachimba mangaribi. Mawe yanatoka, yanaingia ndege, yanaenda zake. Yamerudi siku moja? Hayajarudi. Ukikuwa na gunia ya muchele, unatoa kidogo kidogo, gunia itabaki vile ilikuwa? Itanywea! Dunia imenywea upande wetu. Leo Kibombo imesogea kilometa tano, kesho utasimama hapa kwa Mama Gisèle utamusalimia muntu wa Kasongo bila kupaza sauti.

Watu wawili waliokuwa wanapita walisimama kusikiliza. Djuma Reli alikuna kidevu. Wazo la gunia lilimgusa, ila hakutaka kusema.

Mama Gisèle alikuwa bado hajatia neno. Mama huyu ana tabia ya kuwaacha wanaume wachoke. Alimimina kahawa, akampa Onema kikombe, akasema kwa sauti ndogo:

— Mimi nafikiri ni mama amesogea.

— Aka, mama Gisèle!

— Munacheka nini? Mwana wake wa kike hakumuona tangu vita. Amesikia amepanda treni. Mama gani atakaa ndani ya nyumba wakati mutoto anapiga hodi? Ametoka njiani kumupokea. Kilometa tano ni kidogo sana. Mimi ningetembea zaidi.

Hakuna aliyecheka.  Onema alijua maneno ya mama huyu hayana miguu wala kichwa, lakini yalimwingia, na aliona kabisa mama yake na kitenge chake cha buluu, anakuja taratibu kando ya barabara, ananusa hewa ya mji. Ilibidi ainue kikombe anywe ili afiche uso.

Haraka mawazo yake yalikuwa kwingine. Alikuwa amelikodolea macho jipu.

— Kompteri, alisema, na hii motokari yako juu ya nini imerefuka?

— Imerefuka wapi?

— Zamani ulikuwa unashuka kama muntu. Leo umeshuka kama unatoka juu ya nyumba.

— Ah, ni miguu mipya, alisema Onema.

Kwetu Kindu, gurudumu la motokari tunaliita mguu, mwingine aliite roue akitaka. Onema alieleza: mjomba wake Edouard, wa Goma, alimtumia miguu mikubwa mitano, mmoja wa akiba, mipira ya meno makali, jante zake, yaani rimu, za chuma kizito, ya kuvuka matope. Aliifunga mwezi huu, kwa ajili ya kupeleka simenti na dada yake bila kulala njiani.

— Na tangu umeifunga, motokari inasemaje? aliuliza Djuma Reli.

Onema alikuna kichwa. Kusema kweli alikuwa ameona maajabu mengi, na kila moja alilibeba peke yake kwa sababu lile la kilometa lilikuwa kubwa kuliko yote.

— Ni kama si motokari yangu. Naitia vitesi ya kwanza, ile gia ya kuondokea, inafikiri kwanza kama itaenda. Kilima ilikuwa inapanda inaimba, sasa inapanda inalia. Mazutu ya moteri inakunywa, inaniangalia, inaomba ingine. Na freni! Nakanyaga kwangu, inasimama kwa jirani. Lakini kitu cha kunitisha ni sindano. Sindano ya mwendo inasema arobaini, ndugu zangu, na miti inakimbia kama niko sitini! Nilifikiri ni macho.

— Motokari inapunguza maneno, alisema Haraka. Inafanya mengi, inasema kidogo.

— Yo! Mama Gisèle alipiga makofi mara moja. Ngoja. Papa Djuma, simama. Na wewe Haraka, simama.

Walisimama, bila kujua kwa nini. Djuma Reli ana miguu mirefu ya korongo. Haraka, tusimseme vibaya, Mungu alimpa mdomo kwanza, urefu baadaye.

— Tembeeni mpaka kwa muuza mafuta. Hesabuni hatua.

Walitembea, watu wakitazama. Djuma alifika akiwa na hatua chache, Haraka akafika akiwa na hatua nyingi na jasho.

— Kwa muuza mafuta imesogea? aliuliza Mama Gisèle.

— Haikusogea, alisema Djuma.

— Basi na motokari je? Ile kompteri inahesabu nini? Inaona barabara? Iko na macho?

Onema aliweka kikombe chini.  Alijua kompteri haina macho. Kuna kamba ya chuma inatoka chini, inazungushwa na kule nyuma kunakozunguka miguu. Mguu ukizunguka, na kamba inazunguka. Hilo alilijua tangu ujana, alishaibadilisha mwenyewe kwa mikono yake. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

— Mushushe muguu wa akiba, alisema. Na wa zamani uko nyuma, juu ya simenti. Tutaona sasa hivi.

Walishusha wa zamani, ukashuka. Walishusha mpya, ukamshusha Haraka pamoja nao. Kilikuwa kitu kizito cha ajabu, watu watatu wakakisimamisha wakihema. Mama Gisèle alichukua masizi ya birika, akapaka alama nyeusi kwenye mpira wa kila mguu, alama zikatazama chini, zote mbili mwanzo wa traverse.

Wakausukuma wa zamani. Alama ikapanda, ikapita juu, ikashuka, ikagusa udongo. Mzunguko mmoja. Djuma aliweka jiwe pale.

Wakausukuma mpya. Uligoma. Wakausukuma tena, ukaanza kujivuta, alama ikapanda taratibu kama mtu anayeamka, ikafika juu, ikaanza kushuka, ikafika penye jiwe la Djuma, na ilikuwa bado haijagusa chini. Ukalipita jiwe. Ukaendelea. Ndipo alama ikagusa udongo, mbele kabisa, karibu na mfereji.

— Muzunguko moja! alisema Haraka kwa sauti ya kanisani. Moja kwa moja, na umekula njia hii yote!

— Na kompteri inahesabu moja tu, alisema Onema. Inafikiri ni ule muguu wa zamani. Haikuambiwa.

Alichuchumaa kati ya jiwe na alama. Nafasi hiyo ndogo, mtu angeweza kuiziba kwa viganja viwili. Aliitazama kama mtoto anavyotazama maji. Nafasi hii, mzunguko kwa mzunguko, mvua kwa jua, ndani ya msitu wote ule, inajikusanya yenyewe kimya kimya mpaka inakuwa kilometa tano. Na yeye alikaa juu yake, alishika usukani, hakuhisi chochote. Kumbe maajabu mengine yanapita chini ya makalio ya mtu.

— Mungu wangu, alisema. Mungu wangu eh.

Katika kushangaa huko walisahau jambo moja. Mguu mpya ulikuwa bado umesimama, na pale barabara inateremka kwenda mto Lualaba. Haraka aliuachia ili apanguse jasho. Ukatazama mteremko, ukafikiri kidogo, ukaondoka.

— Ushike!

Djuma Reli aliunyooshea mguu wake wa korongo. Mguu wa chuma ulimgusa tu, akakaa chini mwenyewe bila kupenda. Ukashuka. Ukapita kwa muuza samaki, watu wakafungua njia wakipiga kelele, kuku wakatafuta mabawa waliyosahau kama wanayo. Haraka alirukia pikipiki akaufuata, na kwa mara ya kwanza maishani hakumpita aliye mbele yake. Ulifika mchangani kando ya maji, ukazunguka zunguka kama sarafu, ukalala.

Walipourudisha, kwa mikono ya watu wengi, Haraka alikuwa amebadilika.

— Ule si mupira, alisema. Kuuamusha ni shida, kuulaza ni shida. Niliutazama kwa macho yangu. Haukutaka kusimama! Ulikuwa na akili yake.

— Na motokari iko nayo mine, alisema Djuma Reli, akijisugua. Kila mara unaanza, moteri inaamusha watu wane wazito. Kila mara unakanyaga freni, unalaza watu wane wazito. Itakosa kulia? Itakosa kukunywa mazutu? Kompteri, kesho na simenti ile, vilima ushuke na vitesi ndogo, usingoje freni.

Kicheko kilianza kwa Onema. Kilianza kidogo, kikaja kikubwa, mpaka machozi. Barabara haikufupika! Kilometa zipo zote! Mama yupo palepale alipomwacha, na kesho atamwambia dada yake: kompteri itasema thelathini na saba, lakini usiogope, ni miguu mirefu. Atamwonyesha hata hii alama ya masizi. Alimkumbatia Mama Gisèle, akamwomba awamiminie wote tena.

— Sasa munaona, alisema Djuma Reli baada ya kukaa vizuri. Reli ilikuwa na hekima. Magurudumu madogo. Hakuna kujirefusha bure.

— Hapo sikukatalii, papa Djuma, alisema Onema, maana furaha ilikuwa imemlegeza ulimi. Muguu mudogo unavuta! Mulimujua Mzee Ilunga? Wakati wa vita mipira ilikosa kabisa. Ya nyuma ilikufa yote mbili. Muzee akafanya nini? Akachukua miguu ya remorque, ile ya kukokotwa nyuma, midogo, myepesi, akaifunga hiyo nyuma ya motokari. Mungeiona! Mbele iko juu, nyuma iko chini. Motokari inaenda kama imekaa kitako! Watu walikuwa wanatucheka. Lakini ilivyokuwa inavuta, ndugu zangu! Ilikuwa inatoka ndani ya matope na watu wamejaa mpaka juu, na mvua inapiga, na mama nimemulaza kwa magunia, tunapanda tu, tunapanda...



Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikabaki hewani. Mama Gisèle alimtazama, akatazama pale chini, kwenye jiwe na alama. Aliyaona yote kwa wakati mmoja na Onema.

— Ilikuwa safari ileile? aliuliza.

— Ileile.

— Ya mama.

— Ya mama. Arobaini na mbili ya Mzee Ilunga... Onema aligeukia jiwe la Djuma. Ilihesabiwa na miguu midogo.

Haraka hakuelewa upesi, na mara hii hakuona haya kuuliza.

— Inafanya nini kama ni midogo?

— Wewe ulifika kwa muuza mafuta na hatua ngapi? alisema Djuma Reli, taratibu. Nyingi. Muguu mufupi unazunguka sana. Kompteri ilihesabu nyingi kuliko njia yenyewe. Waliposimama kumuzika mama, walikuwa hawajafika arobaini na mbili. Walikuwa nyuma. Upande wa muji.

Onema alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Amani iliporudi, alikwenda na jipu hili, miguu yake ya kiwandani. Alianza barrière, akahesabu kwa uaminifu mpaka arobaini na mbili, akashuka na panga. Alifyeka. Akakuta chini ya majani tuta la mawe. Alianguka juu yake akalia mpaka sauti ikaisha. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa siku ile: kijito hakikuwepo. Mawe waliyatoa kijitoni, aliyabeba mwenyewe, maji yalikuwa karibu kiasi kwamba aliyasikia wakati wanamshusha. Akajiambia kijito kimekauka. Mtu aliyelia namna ile hatafuti tena kijito.

— Kuko kijito, alisema sasa, kama anayeongea na magoti yake. Kabla ya kufika pale, ukitoka muji. Pale daraja ya miti. Kila mwaka naivuka polepole, juu ya mbao. Kila mwaka, Mama Gisèle. Nimemupita mama yangu kila mwaka, sijasimama.

— Pole, baba. Pole sana.

— Lakini ulikuta mawe! alisema Haraka, karibu kupiga kelele. Mawe ya kaburi, si ulikuta?

Djuma Reli aliondoa kofia yake.

— Njia ile, mutoto wangu, alisema. Wakati ule. Watu wote tuliipita, na wengi walibaki kando yake.

Ndipo walipoona kwamba Béatrice amesimama nyuma ya jipu. Mwanamke mfupi, amejifunga kitenge cha safari, miguu bado imevimba kwa siku za treni. Alikuja kumwita mdogo wake wakale. Amesimama tangu lini, hakuna aliyejua, lakini uso wake ulisema amesikia ya kutosha.

Onema aliinuka. Alijua sasa ndipo pale alipopaogopa tangu juzi, na kumbe palikuwa pabaya zaidi ya alivyofikiri.

— Yaya, alisema, kama aitwavyo kwetu dada mkubwa. Ile namba niliyokupa. Haikuwa yenyewe.

Akamweleza. Alimwonyesha jiwe, alimwonyesha alama ya masizi, miguu yote miwili, mdogo na mkubwa, na kwa mikono yake akamwonyesha ile midogo zaidi ya Mzee Ilunga. Béatrice alisikiliza bila kumkata. Aliinama, akaigusa alama kwa kidole, akatazama weusi uliobaki kidoleni.

— Basi mama iko wapi?

— Karibu na kijito. Karibu na muji kuliko tulivyofikiri. Yaya, mama iko karibu.

— Karibu, alisema Béatrice. Alirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. Kwa miaka yote hii nilikuwa namuweka mbali mno. Na yeye alikuwa karibu.

Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya kelele. Mama Gisèle alimpisha kwenye traverse, akamshikisha kikombe. Béatrice alikunywa kidogo. Halafu aliinua macho, akamtazama mdogo wake, na akauliza kama mtu anavyouliza njia ya sokoni:

— Na yule unamufyekea majani kila mwaka, ni mama ya nani?

Hapo, mpenzi wangu, ungeona kitu. Djuma Reli, mwenye reli yake, alitazama ardhi. Haraka, aliyeipunguza dunia nzima asubuhi ileile, alifungua mdomo, akaufunga. Mama Gisèle aligeuza birika akitafuta kahawa, akakuta ni mashapo tu. Kwenye kikao ambacho kila jambo lilipewa sababu tatu, hakukutokea hata moja.

Onema alisimama kati ya miguu miwili ya motokari. Alikumbuka yote aliyopeleka pale kwenye mawe. Mke wake alimpeleka pale kumtambulisha. Watoto aliwataja mmoja mmoja kwa majina walipozaliwa. Mwaka aliougua alikwenda kuomba dawa, mwaka aliogombana na mjomba Edouard alikwenda kushtaki. Na siku zote aliondoka amepoa.

— Sijui, yaya, alisema. Lakini yeye ananijua.

Béatrice alimaliza kahawa yake, akakirudisha kikombe kwa Mama Gisèle kwa mikono miwili, akajifunga kitenge upya.

— Basi kesho tuanzie kwake, alisema. Mama atangoja kidogo.